Barua kwa mwanangu kuhusu kiti cha mpiga drams

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu salamu nyingi. Sisi huku Tanga hatujambo, isipokuwa bibi yako anasumbuliwa na magoti kama ilivyo kawaida yake msimu wa mvua. Baada ya salamu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja: pale uliposema kwamba umechoka na safari za bendi na ungependa kubaki studio ukiwarekodi wengine, lakini unaona haya kuniambia kwa sababu niliuza cherehani yangu moja ili wewe upate drams. Nimeona nikujibu kwa barua, kwa kuwa jambo hili haliwezi kuzungumzwa kwenye simu huku watu wakiingia na kutoka.

Nataka nikueleze habari za mtu uliyembandika wewe mwenyewe ukutani. Ile picha ya vijana wanne walioegemea ukuta wa matofali, wamevaa jaketi za ngozi na jinzi zilizochanika magotini, bado ipo juu ya kitanda chako. Ulipoondoka nilikuwa nikiingia kufagia naitazama, mpaka siku moja nikataka kujua hao ni watoto wa nani. Wewe uliwaita Ramones, na muziki wao ukiuita panki, neno ambalo mimi nililijua kuwa ni mtindo wa kunyoa nywele. Nimesoma habari zao kidogo kidogo kwa miaka, na aliyenikaa moyoni ni mpiga drams wao, Tommy, wa pili kutoka kushoto.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Tamás Erdélyi. Alizaliwa Budapest, nchini Hungaria, tarehe 29 Januari 1949. Baba na mama yake walikuwa Wayahudi wenye kazi ya kupiga picha, nao walisalimika katika mauaji ya Vita Kuu ya Pili kwa kufichwa na majirani, ilhali wengi katika ukoo wao waliuawa. Mwaka 1957 wakahamia Marekani, na mtoto akakulia Forest Hills, mtaa wa Queens, New York. Mimi niliyekuaga uwanja wa ndege ukiwa na begi moja huwa nawafikiria sana wazazi hao, waliovuka bahari na mtoto wa miaka minane kwenda nchi ya lugha ngeni, bila kujua kwamba mikono ya mtoto yule ingekuja kusikika dunia nzima.

Sasa sikiliza sehemu ambayo nadhani hukuwahi kuitilia maanani. Tommy hakuanza kama mpiga drams. Shuleni alipiga gitaa katika bendi moja na John Cummings, ambaye baadaye aliitwa Johnny Ramone, kisha akajifunza ufundi wa sauti na kufanya kazi katika studio ya Record Plant, alikokuwa msaidizi wa fundi wakati mpiga gitaa maarufu Jimi Hendrix akitengeneza albamu yake ya Band of Gypsys. Ramones ilipoundwa mwaka 1974, yeye alikuwa mshauri na msimamizi wao, na aliyekaa kwenye drams alikuwa Joey, mmoja wa wale wanne wa pichani. Ilipoonekana kwamba Joey anafaa zaidi kuimba, wakaanza kuwajaribu wapiga drams, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa na ufundi mwingi, na kila mmoja alitaka kuuonyesha wote kwa wakati mmoja: mizunguko, mbwembwe, kugonga kila kitu kilichokuwa mbele yake. Nyimbo zile hazikuhitaji hayo. Tommy akachoka kueleza kwa maneno, akakaa mwenyewe kuwaonyesha, na wenzake wakamwambia abaki hapo hapo.

Nimesikiliza upigaji wake nikiwa kwenye cherehani, na ndipo nilipoelewa. Mkono wa kulia unagonga toazi sawasawa, haraka, pigo baada ya pigo bila kuruka hata moja. Mguu unaweka pigo zito kwenye ngoma kubwa, na mkono wa kushoto unajibu kwenye ngoma ndogo. Basi, hakuna zaidi. Hivyo ndivyo sindano inavyokwenda kwenye mshono mrefu wa shuka: mguu ukiharakisha kidogo tu au ukisita kidogo tu, mshono unapinda na mteja anauona. Mtu asiyeshona atasema ni kazi rahisi. Mimi niliyelelewa na taarab ya Black Star na Lucky Star nimewaona wapiga dumbaki wa namna hiyo hiyo, ambao ukumbini hakuna anayewatazama, lakini wakikosea mara moja mwimbaji anageuka nyuma.

Kwa mapigo hayo walikwenda kupiga katika klabu ya CBGB huko Manhattan kuanzia Agosti 1974, na mapema mwaka 1976 wakarekodi albamu ya kwanza, nyimbo 14 zisizofika nusu saa, kwa gharama ya dola 6,400 hivi. Tommy alishiriki pia kuitayarisha, na sehemu kubwa ya wimbo wao wa kwanza kutolewa, Blitzkrieg Bop, aliuandika yeye. Mauzo yalikuwa madogo. Albamu haikuvuka nafasi ya 111 katika orodha ya mauzo ya Marekani. Lakini Julai mwaka huo walipiga London, na vijana wa Uingereza waliokuwa wakianzisha bendi zao waliwapokea kama watu waliokuwa wakiwasubiri.

Hapo ndipo penye jambo lako. Mwaka 1978, baada ya albamu tatu za studio na miaka ya kubanana garini na watu wale wale usiku na mchana, Tommy alikiacha kiti. Safari zilikuwa zimemchosha. Hakuondoka kwa ugomvi wala hakujificha. Alimpisha Marc Bell, ambaye naye akawa Marky Ramone, na yeye akabaki kuwatayarishia albamu iliyofuata. Mwaka 1984 walimwita tena studio, na mwaka 1985 akaitayarishia bendi ya The Replacements albamu yao ya Tim. Uzeeni alipiga mandolini na banjo katika kikundi cha watu wawili kilichoitwa Uncle Monk, muziki wa taratibu wa vijijini Marekani. Ukimsikia humo huwezi kuamini kuwa ndiye yule yule, na mimi nimeupenda sana.

Wenzake watatu wa mwanzo walitangulia: Joey mwaka 2001, Dee Dee mwaka 2002, Johnny mwaka 2004. Tommy alifariki tarehe 11 Julai 2014 kwa saratani ya njia ya nyongo, akiwa na miaka 65. Aprili ya mwaka huo huo, miaka 38 baada ya kutoka, albamu ile ya dola 6,400 ilikuwa imetunukiwa daraja la dhahabu kwa mauzo ya nakala 500,000. Nimefurahi kwamba alikuwa hai siku hiyo.

Mwanangu, cherehani ile niliiuza kwa sababu ulikuwa ukigonga masufuria kwa kufuata mwendo wa mguu wangu, na hukukosea. Ulikuwa na miaka sita. Nilichokinunua ni kile nilichokisikia siku ile, nacho utakwenda nacho studio. Huna deni kwangu. Ongea na wenzako mapema, uwaombe muda wa kumtafuta mtu, na ukimpata ukae naye umfundishe nyimbo zote kabla hujaondoka.

Drams usiziuze kwa haraka. Zifunike shuka zisiingie vumbi. Na kazi ya kwanza utakayoirekodi nitumie, hata kama haijakamilika, niisikilize nikishona. Cherehani iliyobaki bado inakwenda vizuri, ila mkanda ulikatika juzi na nimeweka mpya.

Ni mimi mama yako