Shukrani kwa dada wa fulana ya kijani

Dada uliyekuwa nyuma darasa la dansi ya kisasa Jumanne jioni, jina sikukuuliza lakini asante sana. Mwalimu alipoanza ile kubana tumbo na kuachilia ya Martha Graham, yule mcheza dansi wa Marekani, mamangu alikwama, ni mara yake ya kwanza na ako na miaka 61, ukamshika mkono ukamwonyesha polepole, toa pumzi mgongo ukunjike, vuta pumzi ndo unanyooka, na ukishuka sakafuni utue na paja si goti. Hiyo ya paja ni muhimu jamani, magoti ya watu wazima huumia haraka. Ukaacha hadi zamu yako ya kuvuka ukumbi ikupite. Sasa anajipiga zoezi sebuleni pekupeku, na Jumanne hataki kusikia mambo ya mvua ama jam ya Ngong Road. Anasema atakuwekea nafasi kando yake.