Aliniambia niende nikazike, yeye atanisubiri

Dada yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Nakuandikia alfajiri, adhana ya kwanza haijatoka, na tangu nilipojilaza saa sita usiku sijapata hata lepe la usingizi. Mke wangu na watoto wamelala, nami nimekaa sebuleni mbele ya kompyuta ambayo nimeogopa kuiwasha. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, kwa sababu najua ukiona neno gemu utadhani umeandikiwa na mtoto wa sekondari, ilhali mimi ni mtu mzima wa miaka 34, nina kazi, nina mke na watoto wawili, na sijawahi kuacha wajibu wa nyumbani kwa ajili ya mchezo. Naingia saa tatu usiku watoto wakishalala, natoka saa tano, na bando nanunua kwa fedha yangu.

Jambo lenyewe ni la rafiki yangu. Tumezaliwa mtaa mmoja hapa Ngamiani, tumesoma chuo kimoja, tumeingia jandoni siku moja, na tumekuwa chanda na pete mpaka alipoondoka kwenda Muscat kutafuta riziki. Wewe unawajua watu wa Tanga na safari za Omani, sina haja ya kulieleza hilo. Tangu mwaka 2020, alipokuwa amefungiwa ndani kule kwa sababu ya korona, tumekuwa tukikutana ndani ya World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi mtandaoni, lile toleo la zamani lililorudishwa mwaka 2019 ambalo mwisho wake ni ngazi ya 60. Wengine wanapigiana simu, sisi tunatembea pamoja mle ndani huku tukizungumza habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafariki, bei ya samaki imefika wapi.

Yeye alianza kabla yangu. Nilipoingia alikuwa amekaribia kileleni, na kwa zaidi ya miaka mitatu nilikuwa mtu wa kubebwa: yeye anatangulia na kuua, mimi nafuata nyuma kuokota. Sikulalamika. Ni yeye mwenyewe, baada ya Idd el Fitr ya mwaka 2024, aliyesema kwa kinywa chake kwamba tufungue wahusika wapya, yaani wale watu wa mchezoni tunaowaendesha, tuanze wote ngazi ya kwanza, tupande bega kwa bega, na hakuna atakayemgusa mhusika huyo wakati mwenzake hayupo. Ni yeye aliyesema, Dada, si mimi. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu sasa anazungumza kama kwamba sharti hilo nililitunga mimi.

Yeye akataka kuwa askari wa upanga. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa mchawi wa moto na barafu, lakini katika toleo lile askari ndiye anayepata taabu kuliko wote akiwa peke yake. Hana dawa ya kujiponya, kila baada ya pambano moja au mawili hukaa chini kula mkate na kujifunga bandeji, na akivamiwa na watatu kwa pamoja amekwisha. Kwa hiyo nikaacha nilichokitamani nikachagua kuwa tabibu. Tabibu hana sifa mle ndani, anayeonekana ni mwenye upanga. Kazi yangu ilikuwa ni kuukodolea macho ule mstari mdogo wa kijani ulio chini ya jina lake, ambao ndio uhai wake, na kila ukishuka niunyanyue. Kwa miezi ile yote sikuiona sana mandhari ya nchi tulizopita, nilikuwa nautazama mstari wake.

Wala sisemi kwamba alikuwa mwenzi mbaya. Mwezi Mei mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikatusumbua nchi nzima, tulikuwa ngazi ya 12, naye hakusogea hata hatua moja mpaka niliporudi. Baadaye, kule Duskwood, msitu mmoja wa mle ndani, tulikutana barabarani na lile jitu la maiti liitwalo Stitches, ambalo lilikuwa limetuzidi kwa mbali, naye akanipigia kelele nikimbie, yeye atalishika. Akafa pale pale. Nilijificha nyuma ya miti mpaka jitu lilipopita, nikarudi kumfufua, na alipoinuka tulicheka mpaka mke wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Ndiyo maana hili la sasa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shangazi yangu aliyenilea alifariki kule Pangani. Usiku ule ule nilimwarifu rafiki yangu, akanitumia sauti huku analia, maana na yeye amekula wali wa mama yule, na akatuma rambirambi ya kutosha. Akaniambia, nakumbuka kila neno: "Nenda kazike, ndugu yangu, mimi nakungoja hapa hapa." Tulikuwa wote ngazi ya 24. Nikamlaza tabibu wangu katika nyumba ya wageni ya Darkshire, mji wa mle mchezoni, nikaondoka.

Nilikaa Pangani siku 10, kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kiume aliyebaki na palikuwa na mambo ya hitma na ya nyumba ya marehemu. Labda hujui kwamba katika mchezo ule mhusika akilala katika nyumba ya wageni hukusanya mapumziko, na kila saa nane hupata sehemu moja ya ishirini ya ngazi, mpaka akiba ifike ngazi moja na nusu, hapo husimama. Ukipiga hesabu utaona kwamba akiba hiyo hujaa kwa siku 10 kamili. Ukirudi, ule mstari wa chini unaoonyesha umebakiza kiasi gani kufika ngazi inayofuata, ambao kwa kawaida ni wa zambarau, unakuwa wa bluu, na kila adui unayemwua anakupa maradufu. Naona haya kusema kwamba nikiwa nimeketi mkekani na wazee niliwahi kulifikiri jambo hilo, lakini nililifikiri, na lilinipa faraja kidogo, kwa sababu nilijua na yeye amelala pale pale chumba kimoja nami, na tukirudi tutakuwa na bluu wote wawili.

Nilirudi Tanga jioni, nikala, nikawasha kompyuta, nikafungua orodha ya marafiki. Pembeni ya jina lake palikuwa na 31.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikafunga, nikafungua tena. 31, naye alikuwa mbali huko Stranglethorn. Nikamwandikia salamu, akanipa pole ya msiba tena, tukazungumza vizuri, na mimi ndiye niliyelazimika kuuliza. Akajibu kwamba usingizi ulikuwa haumjii, akawa anaingia kidogo kidogo, na kwamba hata gereza la Stockade lililomo ndani ya mji wa Stormwind ameshalimaliza. Dada, gereza lile tulikuwa tumepanga kuingia pamoja juma lile lile nikitoka msibani. Huingia kundi la watu watano, na hakuna kundi la ngazi zetu linalothubutu kuingia mle bila tabibu. Kwa hiyo palikuwa na tabibu. Palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anautazama mstari wake wa kijani katika zile siku 10 ambazo mimi nilikuwa nachimba kaburi na kupika wali wa watu. Mimi ninamjua askari wake kuliko anavyomjua yeye mwenyewe, na najua kwamba ngazi saba kwa siku 10, kwa mtu anayetoka kazini magharibi, si mwendo wa askari aliye peke yake.

Nilimwambia hakuna neno. Nilisema hivyo kwa kuwa alikuwa amenitumia rambirambi, na mtu aliyekutumia rambirambi huwezi kumshitaki kwa gemu.

Akasema atanivuta nimfikie, lakini anajua kama ninavyojua mimi kwamba jambo hilo halina maana. Kwa mtu wa ngazi ya 31, adui yeyote wa ngazi ya 23 kwenda chini ni wa kijivu, yaani dhaifu mno hata kumwua hakumpandishi, na tukiwa kundi moja adui aliye wa kijivu kwa mkubwa wetu hampi faida mtu yeyote, hata mimi ambaye kwangu angekuwa na faida. Nikimfuata huko aliko, adui ananiua kabla sijamaliza kusoma dua. Maana yake ni kwamba nirudi kuwa mtu wa kubebwa, na wahusika hawa tuliwafungua ili nisibebwe. Tangu siku ile nimemwambia mara mbili kwamba umeme umekatika na mara moja kwamba bando limeisha. Hakuna lililokuwa kweli.

Nisikufiche jambo moja, kwa kuwa ukija kulijua baadaye utasema nilikudanganya. Mwezi Juni niliwahi kuingia peke yangu usiku mmoja, bila yeye kujua, nikachuma majani ya dawa ili nimtengenezee chupa za kumpa nguvu, na nilipotoka nilikuwa nimemzidi karibu robo ya ngazi. Lakini katika toleo lile kuchuma majani hakumpandishi mtu hata chembe. Ni mbwa mwitu walionivamia njiani ndio walionipandisha, na mtu hawezi kusimama akaliwa na mbwa mwitu kwa kuogopa kuvunja ahadi. Tena nilikwenda kwa faida yake. Sioni kwamba jambo hilo linafanana na hili.

Mke wangu, ambaye ni mtu wa hekima, ananiambia nimweleze tu kwamba ameniumiza. Akaongeza kwamba kama ingekuwa ni mwanamke angeelewa kwa nini silali. Sikumjibu, kwa kuwa sina jibu.

Kuna na hili la mama yake. Ada ya kila mwezi ya akaunti zetu zote mbili analipa yeye, kwa sababu ana kadi ya benki ya kule, na mimi upande wangu namtazama mama yake: mtungi wa gesi, dawa za presha, kumpeleka hospitali, na kila Ijumaa baada ya sala napita kumwamkia. Hatujawahi kuhesabiana na sisemi haya kwa kuhesabu. Ila Ijumaa iliyopita sikwenda. Ni mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke kwamba niko mjini na sikwenda. Nilifika mpaka kona ya barabara yao na mfuko wa machungwa mkononi, nikageuka. Mama yule hajui askari wala tabibu, na hana kosa lolote, nami nilikula machungwa yale na wanangu nikiwa sina raha.

Sitaki aniombe radhi. Hilo nimeshamaliza na nafsi yangu. Nilitaka tu aseme kwamba aliahidi kuningoja na hakuningoja, aseme kwa maneno hayo hayo, basi. Mara mbili nimeamua kumfuta mhusika wangu, nikafika mpaka pale unapotakiwa uandike neno la kuthibitisha, nikarudi nyuma.

Kilichonikosesha usingizi usiku wa leo ni ujumbe alionitumia jana saa nne. Ameandika kwamba ameona siingii, kwamba anaona askari wake amekuwa mzito, na kwamba tufungue wahusika wengine wapya, tuanze tena ngazi ya kwanza, na safari hii mimi niwe askari, yeye awe tabibu. Hakusema zaidi. Nimeusoma ujumbe huo labda mara thelathini. Kuna wakati naona ndiyo radhi yake hiyo, amekubali kukaa nyuma na kuutazama mstari wangu mimi, na kwa mtu kama yeye anayependa kutangulia si jambo dogo. Kisha nawaza kwamba kazi ya tabibu amejifunzia wapi hata aitake, kama si kwa yule aliyekuwa naye, na damu inanichemka upya. Tena nikikubali, tabibu wangu wa ngazi ya 24 atabaki pale Darkshire na mstari wake wa bluu umejaa pomoni, kwa kuwa sijaugusa. Sikuua hata buibui mmoja tangu nirudi.

Kwa hiyo, Dada, nakuomba unishauri: kabla ya kumjibu nimwulize yule tabibu alikuwa nani, au nisiulize kamwe? Nikiuliza naogopa ataniambia kwamba ni mtu tu asiyemjua, wakaachana mlangoni, na nitakuwa nimejidhalilisha. Nisipouliza naogopa kila nitakapoona mstari wa kijani nitamkumbuka. Usiku wetu mrefu ni wa Alhamisi, maana kwao mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na kwake saa zimetangulia zetu kwa saa moja, hivyo kufika saa tatu za kwetu atakuwa ameshaingia muda mrefu ananitazamia. Nikipata neno lako kabla ya siku hiyo nitashukuru sana, kwa sababu kesho yake ni Ijumaa na lazima niende kwa mama, nimeshaapa kwamba nitakwenda, na yeye hunipokea kwa swali moja siku zote kabla hata sijavua viatu: mwenzio hajambo?

Ndimi msomaji wako,
Ngamiani, Tanga