Kuta za Wasdale Head hazikuota zenyewe

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma kimya kwa miaka mingi, lakini ile makala yenu ya utalii wa vijijini Uingereza imenishinda. Mwandishi alifika Wasdale Head, kitongoji kilicho chini ya mlima Scafell Pike, akakisifu kuwa ni asili tupu, mkono wa mtu haujapita. Naishi huku Cumbria. Pale hakuna hata kijishamba kimoja ambacho mkono wa mtu haujapita!

Bonde lile lilijaa mawe. Wakulima waliyaokota ili mifugo ipate majani, wakayapanga kuwa kuta nene ajabu bila saruji: mawe makubwa pande mbili, vijiwe vya kujazia katikati. Je, ngoro za Wamatengo kule Mbinga, Tanzania, yale mashamba ya vishimo kwenye miteremko, nazo mngeziita asili tupu? Hata milima ile kuwa mitupu bila miti ni kwa sababu ya kondoo. Kondoo hao, wa aina ya Herdwick, hawana uzio huko juu. Mwanakondoo hujifunza mipaka ya malisho kwa mama yake. Ndiyo maana mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Cumbria na makundi yakauawa, wafugaji waliogopa zaidi ya hasara ya fedha. Kondoo wa kununuliwa hajui mlima.

Kiangazi kilichopita niliwakuta vijana, tena Waswahili wenzetu, wamepanda juu ya ukuta wapige picha. Mawe yakaporomoka, wakacheka, wakaondoka. Mzee mwenye shamba akaja kuyarudisha moja moja, nami nikamsaidia huku nikiona aibu ambayo haikuwa yangu. Kazi ya mababu zake, kwa ajili ya picha!

Na magari je? Barabara ni moja, nyembamba, inaishia hapo hapo. Kwa kuwa Scafell Pike, mlima wa mita 978, ndio mrefu kuliko yote England, watu huja hata usiku na kuegesha popote. Trekta litapita wapi? Na waokoaji wa mlimani, wanaojitolea bila malipo?

Naomba hivi: mkichapisha tena picha ya bonde lile, andikeni chini yake kwa herufi nzito kwamba lango hufungwa, ukuta haukanyagwi, na mbwa hufungwa kamba, hasa Aprili na Mei kondoo wanapozaa. Naye mwandishi arudi Februari, si Julai, ambebee mkulima ndoo za vijiwe kutwa nzima kabla hajashika tena kalamu.

Msomaji wenu,
Cumbria, Uingereza