Kabla hujaipandisha hiyo giaboksi

Ndugu yangu,

Habari za siku nyingi, natumaini nyumbani wote wazima, huku mi niko salama. Meseji yako nimeiona jana usiku, kwamba giaboksi otomatiki iliyotumika umeshaipata na wikiendi hii mnaipandisha kwenye vani. Nimefurahi sana ila moyo nao ulistuka kidogo, ndo maana nimekaa nikuandikie yote haya badala ya kukujibu maneno mawili, maana unajua ile vani yangu giaboksi ya kwanza ilikuwa nzima kabisa na tuliiua wenyewe kabla gari halijatembea hata mita moja.

Ilikuwa hivi. Tuliinua kwa jeki ikasogea kwenye injini, ikabaki nafasi kama upana wa kidole, fundi akasema acha boliti zitaivuta. Kweli zikaivuta. Tulipowasha ikawa inasaga kama mawe na gia haishiki hata moja, kuja kuifungua pampu ya mafuta ya giaboksi imepasuka. Toki konvata, lile dude la mviringo lenye mafuta linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haikuwa imeingia mpaka mwisho, basi, hakuna kingine. Mle ndani kuna meno ya shafti ya giaboksi, kuna meno ya stata (ile ya ndani ya konvata, si ya kuwashia injini), alafu kuna vile vishikio vya kuzungusha pampu, vyote vitatu lazima vikamatane, na konvata inaweza kukaa vizuri tu kwenye viwili ukadhani tayari kumbe ya pampu bado.

Kwa hiyo we giaboksi ikiwa bado iko chini, ilaze mdomo uangalie juu kidogo, tia mafuta ya giaboksi kiasi ndani ya konvata, pakaa na shingo yake isije ikachana sili, alafu isukume taratibu huku unaizungusha kushoto kulia. Utasikia inadumbukia, tena inadumbukia, nyingine hata mara tatu. Usiwe na haraka hapo hata kidogo. Ukimaliza pitisha rula ndefu kwenye mdomo wa belihausi, ile sehemu pana ya mbele ya giaboksi inayofungwa kwenye injini, uone konvata imezama kiasi gani, kipimo chake kipo kwenye kitabu cha ufundi cha hiyo giaboksi. Na mkiinua, belihausi inatakiwa ikutane na injini kwa mkono tu, ikae kwenye pini zake, spana mkononi huna. Ikigoma mshushe chini mwanze upya, hata kama giza limeingia. Boliti zikishakazwa konvata bado inatakiwa izunguke kwa mkono na ibaki na nafasi ya milimita chache mpaka kwenye fleksipleti, ile sahani ya chuma ya injini inayoizungusha konvata, ndipo unaivuta mbele unaifunga.

Kabla ya hapo fungua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, uangalie sumaku iliyo ndani. Ule unga laini wa kijivu usikutishe, ni wa kawaida, ila ukikuta vipande vya chuma au mafuta meusi yananuka kuungua, irudishe ulikoitoa, usiifunge. Sili ya mbele, ya nyuma, filta na gasketi badilisha sasa hivi ikiwa chini. Na tafadhali sana safisha kipoza mafuta pamoja na mabomba yake, uchafu wote wa giaboksi iliyokufa umelala mle unasubiri kuingia kwenye hii nyingine.

Sasa kebo. Hii inayotoka kwenye kabureta kwenda giaboksi watu wanaidharau, wanaona ni ya kuchagua tu muda wa kubadili gia, kumbe kwenye hizi za zamani ndo inaiambia giaboksi isukume mafuta kwa presha gani. Ikilegea gia zinabadilika mapema na kwa ulaini ambao utaupenda, wakati huohuo klachi za ndani ya giaboksi zinateleza zinaungua polepole. Ikikaza sana gia zinachelewa na zinapiga teke. Mwenzako akanyage mafuta mpaka chini we uangalie kwenye kabureta: kwenye Toyota nyingi za zamani, hapo mafuta yakiwa yamekanyagwa mwisho, kile kizuizi kwenye kebo kinatakiwa kiwe milimita 0 mpaka 1 kutoka mwisho wa ganda. Yako kama ni ya kampuni nyingine fuata kitabu chake, usikisie kwa sikio.

Lingeji, zile fimbo zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi, iseti ikiwa kwenye N (gia huru), alafu hakikisha gari linawaka kwenye P (ya kuegesha) na N tu.

Mafuta angalia aina iliyoandikwa, usichanganye. Tia kwanza lita kama nne kabla ya kuwasha maana konvata inavuta mengi, washa, ongeza kidogokidogo, kanyaga breki upitishe gia zote ukae sekunde chache kila moja, alafu ndo upime kwa dipstiki injini ikiwa inaunguruma na mafuta yameshapata moto. Yakizidi yatatoa povu, na povu halina presha, gia zitateleza vilevile kama yamepungua.

Siku ya kwanza zunguka karibu karibu tu, rudi uchungulie chini kama kuna tone, pima tena.

Mkifika kwenye konvata nipigie, weka simu kwenye spika pale chini karibu na belihausi, nataka niisikie mwenyewe inavyodumbukia.

Wako,
rafiki yako wa siku zote