Mwanangu, nimekula mwani

Mwanangu kipenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza nakula nini huku Japani, nikakujibu "nakula vizuri, alhamdulillah." Nilikudanganya. Siku tatu za mwanzo nilikula tende alizonifungia bibi yako na biskuti za kwenye ndege, nikateremshia na chai yao ya kijani isiyo sukari wala maziwa. Mimi huyu niliyekufinya paja kwa shangazi yako ulipokataa mchuzi wa ngisi mbele za watu! Haya, umepata la kunisimanga, lakini nisikilize kwanza.

Asubuhi ya kwanza tuliwekewa wali wa kunata, samaki wa kuchoma, supu, na kibakuli cha maharage ya soya yaliyochachushwa, yanaitwa natto. Wenyewe huyakoroga kwa vijiti mpaka yafanye utelezi, ukiyanyanyua yanavuta nyuzi kama bamia. Bamia naipenda, unajua. Lakini bamia hainuki soksi. Nilitia tonge moja likagoma kushuka, nikalitema kwenye karatasi kwa siri. Mama mmoja mwenyeji aliniona, akacheka huku kaziba mdomo. Akaniambia kwa mkalimani kuwa hata Osaka wako wengi wasioitaka. Sikuwahi kufarijika vile.

Juu ya wali palikuwa na kitu chekundu, cha duara, kimekunjamana. Nikadhani tende. Nikakitia chote. Kumbe ni umeboshi, tunda lililowekwa chumvi, kali kuliko achari ya ndimu ya bibi yako. Jicho langu moja lilijifunga lenyewe. Siku hizi namega kidogo kidogo na wali, kama achari, na kusema kweli nimeanza kuitafuta.

Neno la kwanza nililojifunza ni buta, yaani nguruwe. Sahani ikija nanyoosha kidole: buta? Wakitikisa kichwa, napiga bismillahi. Kinachosumbua ni mirin, mvinyo wa mchele wa kupikia, maana huo hujificha ndani ya mchuzi na huuoni. Hapo namwachia mkalimani aulize mpaka jikoni.

Osaka tulipita siku mbili. Nikamwona mtu barabarani anapika vitumbua! Chuma kile kile cha mashimo, unga wa kumimina, na ncha ya kugeuzia. Nikauliza buta tu, nikalipa. Vinaitwa takoyaki, na ndani, mwanangu, mna kipande cha pweza. Juu wanakumwagia maranda ya samaki, naam, maranda: samaki wa jamii ya jodari hukaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, kisha anapigwa randa. Yakipata mvuke yanajinyonganyonga, nikarudi nyuma nikidhani yako hai. Ulimi niliunguza, lakini nilinunua tena.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Katika ile supu ya asubuhi mlikuwa na majani yanayoteleza. Nikauliza ni mboga gani. Mkalimani akasema: mwani. Nikaweka bakuli chini.

Wewe unajua. Mwani ulianza kulimwa Paje na Jambiani, huku kwetu Unguja, mwaka 1989, na mimi nimeufunga tangu hujazaliwa. Mgongo huu umeinamia kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, bamvua baada ya bamvua, kila maji yakipwa sana. Tunauanika, tunauuza kwa kilo, unapakiwa melini, tunaambiwa unaingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kuutia mdomoni? Hata siku moja.

Jana tulipelekwa Kumamoto, kwenye bahari ya Ariake. Maji hupwa na kujaa kama kwetu, ila yao hupishana mpaka karibu mita 6. Hawafungi chini kwenye vigingi. Hutandaza nyavu juu ya nguzo, maji yakipwa mwani unabaki unaning'inia hewani. Huo ni nori, hukatwakatwa ukatandazwa na kukaushwa kama karatasi. Zamani hawakujua mbegu yake inatoka wapi, msimu ukiharibika wanabaki kutazamana. Mwaka 1949 mwanamke wa Kiingereza, Kathleen Drew-Baker, akagundua kuwa inajificha ndani ya makombe ya baharini. Japani kwenyewe hakuwahi kufika, lakini pale mji wa Uto wamemwekea mnara, wanamwita Mama wa Bahari. Nilisimama pale nikiuwaza mwani mnene wetu, unavyooza kila maji yakipata moto, na sisi tunavyorudi ufukweni na kamba tupu.

Mwenyeji wetu alipitisha karatasi moja juu ya moto, weusi ukageuka kijani, akanipa hivyo hivyo kavu. Ikavunjika mdomoni kama kaukau. Kisha ikaja harufu ya pwani yetu asubuhi maji yamepwa, ile inayoganda kwenye kanga zangu nikirudi nyumbani. Machozi yalinitoka kidogo. Baba yako usimwambie.

Nafika Jumanne. Bamvua ikianza kabla sijafika, nikatie mwani mwembamba, konzi mbili tu, usiuanike. Uoshe kwa maji baridi mpaka mchanga uishe, uufunike. Ndimu na pilipili nitakatia mwenyewe. Na nikifika usimwachie bibi yako begi langu alifungue: mna pakiti tano za nori, atazitupa akidhani ni karatasi zilizoungua.

Mama yako