Kwako mdogo wangu uliye Cardiff, kuhusu jina la mtoto

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, na kwenye grupu la familia ukiona ni mimi unajifanya huna bando. Hamjambo lakini? Wifi ananitumia picha za mtoto kila wiki, Mungu ambariki.

Siku ile bado imenikaa rohoni. Mama kashika simu kwa mikono miwili, kioo chote kimechafuka unga wa maandazi, anamtazama mjukuu wake. Akakuuliza anaitwa nani. Ukasema Branwen. Akajaribu, likamkwama, akajaribu tena. Kisha akauliza, "Lina maana gani?" Ukamjibu, "Ni jina tu mama, la huku kwa kina mke wangu." Mama akanirudishia simu, akaenda kunawa, hakusema neno.

Jina tu! Wewe uliyekulia nyumba ambayo aliyezaliwa na mvua ni Mbula, na mapacha ni Kulwa na Doto?

Najua ulichoogopa. Bran kwa Kiwelisi, lugha ya huko Wales, ni kunguru, ukaona nyumbani watacheka. Lakini gwen ni nyeupe, tena ni iliyobarikiwa, ndiyo maana imejaa kwenye majina ya wanawake wao. Olwen wa hadithi za kale, kila alipokanyaga yaliota maua manne meupe. Dwynwen ni mtakatifu wa wapendanao, wanamkumbuka kila Januari 25. Gwenllian alizaliwa 1282, binti wa Llywelyn, mtawala wa Wales. Mfalme Edward I akamtwaa angali mchanga, akafungiwa kwa watawa Uingereza mpaka alipokufa 1337. Kama ulitaka jepesi, Seren lilikuwepo, nyota. Mkeo alichagua Branwen kwa sababu anakijua kisa chake, na wewe unalala naye nyumba moja.

Mama nilimsimulia mimi, baada ya wifi kunieleza. Branwen aliolewa ng'ambo, kwa mfalme wa Ireland. Wakwe wakamlipizia kosa la ndugu yake: wakamtoa chumbani kwa mumewe, wakampeleka jikoni kupika, na kila siku mkata nyama akishamaliza kazi anamzaba kofi la sikio. Miaka 3. Humo jikoni akafuga kwezi kwenye ukingo wa chombo cha kukandia unga, akamfundisha maneno, akamfunga barua kwenye bawa, akamtuma ng'ambo kwa kaka yake. Mama akaacha kusukuma maandazi. "Akafika?" Akafika. Na kaka mtu, Bendigeidfran, alikuwa jitu; aliivuka bahari kwa miguu, na walipokuta mto hauna daraja akajilaza, jeshi lake likapita juu ya mgongo wake.

Tangu hapo mama alimwita mtoto wako Bibi Kwezi, mpaka anafariki. Hukujua, kwa kuwa hukuuliza. Unapowaambia ndugu kwamba nilimjaza mama maneno juu ya mkeo, maneno yenyewe ndiyo hayo.

Mazishini hukuja, na sikulaumu. Nauli naijua, kazi za huko nazijua. Hapana, nakulaumu. Yule aliletewa habari na ndege akaja. Wewe nilikupigia mwenyewe, usiku, nikilia.

Ila nisikilize kwa hili. Usikubali shuleni wamkatie jina. Msimulie wewe, kwa Kiswahili, hata akiwa hajaelewa vizuri. Na uache kuwaambia baba wadogo kwamba nilitaka kulazimisha jina la mama. Sikulazimisha. Nilitaka mama akiuliza ajibiwe, na kwa kuwa hukumjibu, nikamjibu mimi, na ningemjibu tena leo.

Desemba mkija, shangazi zetu watauliza maana yake. Wewe ndiye utakayejibu, mimi nitakuwa jikoni. Msalimie wifi, mwambie vitenge vya mtoto fundi kashavimaliza.