Upelelezi huharibika saa ya kwanza

Mhariri,

Kesi nyingi hufia eneo la tukio, kabla jalada halijafunguliwa. Askari wa kwanza kufika, akishahudumia majeruhi, azungushie utepe eneo pana kuliko anavyodhani linahitajika. Kulipunguza baadaye ni rahisi. Kulipanua watu wakishakanyaga nyayo ni kazi bure. Abakize njia moja ya kuingilia, na kila apitaye aandikwe jina na saa, hata mkubwa wake. (Wakubwa ndio wasumbufu zaidi hapa.)

Picha zitangulie kabla ya kugusa chochote: ya mbali, ya kati, kisha ya karibu yenye rula kando. Nguo yenye damu mbichi isitiwe kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu huotesha ukungu na kuharibu vinasaba. Ikaushwe, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, ifungwe kwa lakiri na kusainiwa. Kila inapokabidhiwa, iandikwe nani kampa nani na saa ngapi. Pengo moja humtosha wakili wa utetezi.

Mashahidi nao watenganishwe mapema. Wakiachwa wapige soga, maelezo yao huanza kufanana, na hakuna ajuaye tena alichoona mwenyewe na alichosikia kwa mwenzake.

Msomaji wako